Muswada wa Mitumbwi

Dodoma, 6 Februari 2024

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, ila mvua za Dodoma zinanichosha. Zinakuja kwa hasira, zinapiga mabati, kisha zinaondoka kama zimekosea nyumba. Rafaeli na watoto wamebaki Bweri. Nyumba imeshapata madirisha, na Rafaeli anasema sasa tukikohoa majirani hawaitikii tena "pole". Nilipokuwa nakuja huku nilipitia Butiama kuwaamkia baba zangu wakubwa. Kaburi la baba limeota majani. Nikavua viatu, nikalipalilia kidogo kwa mikono, dereva akinisubiri barabarani.

Sasa nikueleze kilichonikalisha chini. Wiki iliyopita umesomwa hapa bungeni, kwa mara ya kwanza, muswada wa sheria ya usalama wa vyombo vidogo vya majini. Wenyewe tunauita muswada wa mitumbwi. Kusomwa mara ya kwanza ni jina tu kutajwa ukumbini, kisha unapelekwa kwenye kamati, na mimi ni mjumbe wa kamati hiyo. Karani aliposimama akalisoma lile jina refu, nilisikia baridi miguuni kama mtu aliyekanyaga maji. Nikatazama chini. Ni zulia tu.

Huu ni mwaka wangu wa nne humu. Nimechangia habari za pamba, maji ya bomba, walimu wa sayansi. Mambo ya watu, nayasema kwa niaba yao. Hili ni la kwanza ambalo ni langu. Siku ya mjadala nataka nisimame niseme habari za mama yangu. Lakini nikishika kalamu sina cha kuandika. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka watu wengi uani, na baba amekaa chini peku, viatu vyake vimewekwa juu ya jiwe. Basi. Wewe hukuniambia kitu, na mimi nikakua bila kuuliza.

Sasa nauliza, mama mdogo. Mama alipanda mtumbwi gani? Kwa nini alipanda huo? Ulizamaje?

Kwenye simu nimejaribu mara nyingi, kila nikifika hapo unasema mtandao unakata. Ndiyo maana nimerudi kwenye barua, kama nilipokuwa bweni na wewe uko Bukima. Kondakta ataiacha stendi ya Musoma, binti yako Matrida aichukue.

Mwanao,
Euphrasia

---

Bukima, 10 Machi 2024

Mwanangu Euphrasia,

Marahaba mama. Barua yako imefika inanukia nanasi, sijui kwenye basi waliiweka wapi. Matrida ameileta mwenyewe kutoka Kitaji, akalala hapa siku mbili, akaosha mapazia yote. Mwambie Rafaeli tumefurahi na madirisha. Mihogo imekubali mwaka huu. Paa la kanisa limeanza kuvuja pale wanapokaaga waimbaji, kwa hiyo soprano wamehamia kwa wanaume na misa imekuwa na vurugu kidogo.

Ziwa limejaa wale wadudu wadogo. Asubuhi wanasimama juu ya maji kama moshi wa nyumba ambayo haipo. Na visiwa siku hizi havikai chini. Jua likipanda kidogo unaviona vimeinuka, vinaelea katikati ya maji na mbingu, na chini yake kuna mstari mweupe. Ulipokuwa mdogo nilikuwaga nakuambia vimeenda kutembea vitarudi mchana, na wewe unakaa kwenye mlango kuvisubiri. Siku hizi na mimi ninakaaga hapo hapo. Ninasinzia macho wazi.

Umeuliza habari za mtumbwi. Mtumbwi ni mtumbwi tu, mama, mbao na misumari.

Mimi ndiyo nikuulize wewe. Hiyo sheria inasema nini juu ya Nyamburi? Unamjua Nyamburi jirani yangu. Kila siku ya soko anavuka kwenda kisiwani kununua dagaa, anapanda mtumbwi wa kuvulia wa Wanzagi, yeye na wanawake wenzake. Boti ya abiria hapa mwaloni, wanapoegesha mitumbwi, haipo. Ile ya zamani injini yake ilikufa, wakaivuta nchi kavu, na sasa kuku wanataga ndani yake. Sasa Nyamburi avuke na nini? Na akikaa nyumbani, wale watoto wale nini?

Unijibu hilo kwanza.

Mama yako mdogo,
Pelagia

---

Dodoma, 21 Aprili 2024

Mama mdogo,

Shikamoo, na pole na paa la kanisa. Nimecheka peke yangu habari za soprano mpaka wa chumba cha jirani akagonga ukuta. Huku tumeingia kwenye bajeti, tunakaa ukumbini mpaka mgongo unasahau umbo lake.

Nilikuuliza maswali matatu, ukanijibu kwa swali. Haya, nianze mimi.

Muswada una mambo mawili makubwa. La kwanza, kila anayepanda chombo majini avae jaketi okozi, mtoto kwa mkubwa. La pili, mtumbwi wa uvuvi usibebe abiria kabisa. Ukikutwa na mtu asiye mvuvi, nahodha anashtakiwa, anaweza kufungwa, na mtumbwi unachukuliwa. Ndivyo ulivyoandikwa. Kuhusu Nyamburi hausemi kitu. Sheria haimjui Nyamburi, mama mdogo, inamjua "abiria".

Kamati bado inasikiliza wadau. Wamekuja wenye boti, wamekuja watu wa hali ya hewa, amekuja profesa mmoja aliyetuonyesha picha za ziwa letu zilizopigwa kutoka angani. Lilionekana kama kipande cha kioo mtu amekidondosha nyasini. Nikatafuta Bukima kwa macho, nisiione.

Nimeanza kuota. Naota tuko ukumbini na maji yanaingia taratibu, safi kabisa, yanafika magotini, yanafika kifuani, na hakuna anayeshtuka. Karatasi zinaelea. Spika anauliza wanaoafiki, sote tunasema ndiyo, na ile ndiyo inatoka midomoni kama mapovu. Mama yuko kule juu kwenye viti vya wageni. Amekaa na kitenge chake, anasubiri nimtaje. Naamka kabla sijafungua mdomo.

Niambie ilikuwaje. Kidogo tu.

Euphrasia

---

Bukima, 30 Juni 2024

Euphrasia,

Nimechelewa kujibu. Sikuwa naumwa, nilikaa tu na barua yako. Sisi wazima. Mbuzi mwenye doa amezaa mapacha. Upepo wa kusini umeanza na asubuhi ni baridi, ukungu unalala juu ya maji mpaka saa tatu, sauti za wavuvi zinakuja zenyewe bila watu.

Shemeji yake Nyamburi alikuwa Bunda kwenye ule mkutano wako wa akina mama. Amerudi anasema Mheshimiwa alipanda jukwaani akasema mtumbwi wa kuvulia siyo gari la abiria, na kwamba wewe uko mstari wa mbele kutaka marufuku hiyo ipite. Anasema ulipigiwa makofi. Sawa. Bunda mjini wanavuka barabara, hawavuki ziwa.

Mimi uliniandikia bado mnasikiliza wadau.

Nyamburi sasa akipita hapa anasalimia mihogo. Wanzagi alikuja, akakaa, akanywa maji, akaniuliza kama ni kweli mwanangu anataka kumfunga. Nikamwambia Euphrasia hawezi kumfunga mtu. Aliponiangalia nikaona hanidanganyi na mimi simdanganyi, ila wote hatujui.

Habari za mama yako Mary usiniulize tena. Mary amepumzika.

Mama yako mdogo

---

Dodoma, 8 Septemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu, najua. Hongera kwa mapacha wa mbuzi. Matrida ameniambia mmemaliza kuvuna. Huku sasa ni kukavu, upepo unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati, ukikunja shati jeupe unalikunjua lina mistari. Nje ya ofisi yangu kuna mti wa maua ya zambarau, hauna jani hata moja, ni maua matupu. Nikichoka naukodolea macho mpaka unaanza kutetemeka.

Ya Bunda ni kweli. Nilisema.

Muswada umejadiliwa wiki iliyopita. Wabunge wa kanda ya ziwa walikuwa wakali, pande zote mbili, na mwisho Serikali ikaomba muda. Umerudishwa kwenye kamati, utakuja tena mkutano wa Novemba kupitishwa kifungu kwa kifungu.

Nami nilichangia.

Rafaeli ananisihi nije nipumzike kidogo. Labda nitakuja. Jana nimelala na viatu miguuni.

Mwanao,
Euphrasia

---

Bukima, 22 Septemba 2024

Mwanangu,

Nimekusikia. Redio yangu mbovu, nikaenda kwa Nyamburi, na yeye ingawa amekununia alinipa kigoda. Tukakusikia ukitajwa: Mheshimiwa Euphrasia Mugeta. Ukamshukuru Spika. Ukasema juu ya jaketi, vizuri kabisa, sauti yako imenyooka. Kisha ukasema, "Mheshimiwa Spika, mama yangu mzazi," halafu redio ikanyamaza. Nyamburi akaipiga kofi akidhani ni betri. Nikamwambia acha, siyo betri. Tukasikia Spika anasema, "Mheshimiwa endelea, muda wako bado upo." Wewe ukasema, "Naunga mkono hoja." Ukakaa.

Nyamburi akazima redio. Akaniambia, "Mama Matrida, mtoto wako anaumwa mahali." Akanipikia chai. Sasa ananisalimia.

Euphrasia, mimi nilikuwemo kwenye ule mtumbwi.

Waliojua wamekwisha kufa wote, bibi yako na babu yako na baba yako. Wakati ule nilikuwa nimeolewa mbali, ng'ambo ile, nilihamia Bukima baadaye kwa sababu yako. Nyamburi alikuwa hajaja kuolewa hapa. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kunyamaza, na nikanyamaza mpaka ikawa kama ni habari ya mtu mwingine.

Tulikwenda kisiwani na Mary kununua dagaa. Tulikwenda na boti ya abiria, ile ile wanamotaga kuku, ikafia kule kule. Watu wakasubiri, wengine wakalia, mwisho mwenye mtumbwi wa kuvulia akasema twendeni. Tukapanda. Mtumbwi ulikuwa mzima, mama. Usije ukasema kule kwamba ulikuwa mbovu. Hata watu hawakuzidi sana. Ilikuwa alasiri na jua zuri, na upepo ukatoka upande wa Ukerewe kama mtu aliyefungua mlango. Wimbi la kwanza likatulowesha tukacheka. La pili likatugeuza.

Jaketi hakuna hata moja. Kulikuwa na dumu la mafuta, tupu, lina mfuniko. Lilikuja mbele ya Mary. Alilishika, akaniona, akanisukumia. Akasema, "Shika hilo, mimi najua kuogelea." Tulijifunza kuogelea pamoja, siku moja, sehemu moja. Hakunizidi.

Mawimbi yakatutenga. Na sasa nakuambia neno ambalo sikuweza kulisema miaka yote hii, wala siyo la kuzama. Ni hili: ziwa lilikuwa zuri. Upepo ulipita haraka kama ulivyokuja, maji yakatulia, jua likawa linashuka na kila kitu ni rangi ya asali. Nilikuwa nimelala juu ya lile dumu na sikuogopa. Nilisikia usingizi mtamu. Sauti za watu zilikuwa zinatoka mbali kama zinatoka kanisani. Sasa ningemwambiaje mtoto aliyefiwa na mama yake kwamba siku ile kulikuwa kuzuri? Kila ulipotaka kuuliza niliona ile rangi, nikafunga mdomo.

Waliotutoa ni wavuvi wa dagaa waliokuwa wanaingia kazini na taa zao. Mzee wake Wanzagi, baadaye ndiyo nilijua ni yeye. Nyavu zilikuwa zimejaa mtumbwini, wakazitupa majini ili sisi tupate pa kulala. Nyavu, Euphrasia. Watu wanne waliokolewa, nimeambiwa. Mimi nilizimia, nikaamkia hospitali Musoma, wale wenzangu watatu hata sura zao sizijui.

Sasa hiyo sheria yako ingemkuta yule mzee na watu wanne wasio wavuvi ndani ya mtumbwi wa kuvulia.

Jaketi lipiganie. Lipiganie kwa nguvu zako zote, dumu lilikuwa moja. Lakini usimfunge mtu kama yule, na usimfungie Nyamburi njia kama huna njia nyingine ya kumpa.

Na Mary usimtaje kule, kama jina lake linakukaba. Ukitaka mtu wa kumtaja, nitaje mimi. Mimi niko hai.

Mama yako mdogo,
Pelagia

---

Dodoma, 10 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Hili nataka ulisikie kwangu, ingawa najua redio imeshafika kabla.

Barua yako niliisoma ndani ya gari, nje ya geti la Bunge. Dereva aliniangalia kwenye kioo, akazima injini, akashuka kwenda kununua maji ambayo hatukuyahitaji. Akakaa huko muda mrefu. Nilibaki nimeegemea kioo cha dirisha, na nakuambia kweli, na mimi niliiona ile rangi ya asali. Sikulia. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama akifanya kitu. Siku zote alikuwa amekaa tu, ananisubiri.

Nikaenda kuandika jedwali la marekebisho. Ndivyo linavyoitwa: mbunge akitaka kifungu kibadilike anaandika maneno anayotaka yaondoke na maneno anayotaka yaingie. Niliandika mambo mawili. Kwanza, mahali pasipo na boti ya abiria, mtumbwi wa uvuvi uliokaguliwa na wenye jaketi za watu wote uruhusiwe kuvusha mpaka boti ije. Pili, mvuvi anayeokoa watu asihesabiwe amebeba abiria.

Mwenyekiti wa kamati yetu aliniita pembeni. "Dada, kwenye kamati ulikuwa upande wetu. Bunda ulikuwa upande wetu. Leo umetoka wapi na hili?"

Nikamwambia, "Nimetoka Bukima."

"Bukima hukuijua tangu Februari?"

Nikasema tu kwamba nitalisimamia hata nikiwa peke yangu. Akatikisa kichwa, akaniambia mwakani ni uchaguzi, nifikirie nani alinipa kura na nani anaweza kuninyima. Nikamshukuru. Alikuwa ananitakia mema.

Siku yenyewe Bunge zima lilikaa kama kamati, na hapo Spika huitwa Mwenyekiti; tulipofika kwenye kifungu kile, nikaitwa. Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka. Miguu ikaanza ile baridi yake. Nikaiacha. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, yuko mama mmoja Bukima anaitwa Pelagia. Yuko hai leo kwa sababu ya dumu la mafuta na kwa sababu wavuvi walitupa nyavu zao majini ili yeye apate pa kulala. Naliomba Bunge hili limpe dumu lililo bora zaidi, maana yake jaketi. Na naliomba lisimfunge aliyemtoa."

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Hadithi hizo!" Mwenyekiti akamnyamazisha. Waziri akasimama akasema anaheshimu hisia za Mheshimiwa, lakini ukifungua mlango huo mitumbwi yote itageuka mabasi. Nikajibu kwamba hofu yake ni ya kweli na mimi ninayo, ndiyo maana nimetaka ukaguzi. Nikamwuliza akina mama wa siku ya soko wavuke na nini Jumatatu sheria ikianza. Waziri akainama kuongea na Mwanasheria Mkuu, wakaongea, wakaongea, feni zinazunguka, mimi nimesimama. Nilihisi naelea, mama, lakini sikuhisi kuzama.

Hatimaye akaja na maneno yake. La wavuvi wanaookoa, amekubali kama lilivyo. La kuvusha, amekubali nusu: kibali cha muda, kwa mitumbwi iliyokaguliwa, miaka miwili tu. Baada ya hapo marufuku inabaki, boti iwe imekuja au haijaja. Nilijaribu kuomba zaidi, nikakataliwa. Tukahojiwa. Wanaoafiki wakasema ndiyo, na ile ndiyo haikuwa mapovu. Ilikuwa sauti za watu.

Mwambie Wanzagi hafungwi. Mwambie Nyamburi sikumshindia yote. Miaka miwili ni michache, na sijui kama nitakuwa bado huku kuisimamia. Kama nitakuwa nje, nitaisimamia nikiwa nje.

Sikumtaja mama. Sikuogopa kumtaja, ila niliona ni wa kwetu.

Mwanao,
Euphrasia

---

Bukima, 8 Desemba 2024

Mwanangu Euphrasia,

Marahaba, marahaba tena. Sisi wazima. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni. Matrida anasema atakuja na watoto Krismasi, na wewe usije na sababu.

Nilikusikia. Nilikuwa kwa Nyamburi, wanawake tumejaa mpaka mlangoni kwa sababu walitaka kusikia habari ya mitumbwi. Ulipotaja jina langu hakuna aliyegeuka kuniangalia. Waliendelea kuangalia redio. Kisha Nyamburi akaweka mkono wake kwenye goti langu, akauacha hapo mpaka mwisho. Waziri aliposema miaka miwili, mmoja akasema ni kidogo, mwingine akasema ni mingi kuliko kesho. Wakaanza kubishana na mimi nikaondoka taratibu. Wanzagi nilimkuta nje, alikuwa anasikilizia dirishani. Akaniambia baba yake alimsimulia habari ya nyavu, ila alikuwaga anafikiri mzee anajisifu tu.

Lakini sicho kilichonifanya niandike leo.

Juzi ilikuja bodaboda hapa, imetoka kumchukua mtu barabara kuu. Mwanaume mkubwa, umri wako, shati limefungwa mpaka shingoni. Akauliza kwa mama Pelagia. Nikamwambia karibu, nikidhani ni mtu wa ofisi. Hakukaa. Alisimama uani ameshika kofia, anaangalia ziwa kwa chini chini kama linamdai kitu. Akasema anaitwa Abednego, ni fundi cherehani Bunda, redio yake inalia siku nzima akishona. Akasema, "Mama, zilipotolewa zile nyavu tulilala watu wanne. Mimi ni mmoja."

Nikamkalisha kwa nguvu.

Alikuwa mtoto wa miaka saba. Alikuwa anavuka na baba yake, na baba yake alikwenda na maji. Ndugu walimchukua Bunda, na toka siku ile hajawahi kukanyaga maji, hata kuoga anaoga kwa kopo. Alisema amekuja kuniuliza jambo moja. Majini kulikuwa na mwanamke aliyembeba. Alimweka begani, akawa anampigia miguu, muda mrefu, mpaka zile taa zikafika. Wavuvi wakamvuta yeye juu kwanza. Walipogeuka kumvuta yule mwanamke, hayupo. Kila akimwuliza mtu mzima yule ni nani, wanamwambia ulikuwa mdogo, uliota. Amekua akiamini kwamba aliota.

Nikamwuliza alikuwa amevaaje. Hakumbuki. Nikamwuliza alisemaje.

Akasema, "Alikuwa anasema maneno yale yale tu. Tulia baba, maji hayana baridi. Tulia, maji hayana baridi. Na kweli mama, yalikuwa hayana."

Nikaenda ndani nikaleta ile picha yetu mimi na Mary, ya siku ya kipaimara, tumesimama na magauni yanayofanana. Sikumwonyesha kwa kidole. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, na nikaona macho yake yananipita mimi, yanakwenda kwa Mary moja kwa moja, hakusita. Akasema, "Huyu."

Nikamwambia huyo ndiye Mary. Nikamwambia alikuwa na mtoto nyumbani, miaka saba, msichana. Akauliza yuko wapi. Nikasema ndiye uliyemsikia kwenye redio.

Tulikaa mpaka jua likazama. Anajua kushona, ameniomba mapazia ya Matrida akayaweka mkunjo upya kwa mkono. Amesema hana haraka ya kukuona, ila siku ukipenda, anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nimemwambia utapenda.

Nimemlaza chumba chako. Dirisha linaangalia ziwani, nikataka kulifunga, akasema liache. Sasa ni asubuhi. Watu wameshakwenda shamba, Nyamburi amepita kunisalimia, kuku wameshuka, na yeye bado amelala. Nimechungulia. Amelala ubavu, mkono mmoja ameuning'iniza nje ya kitanda kama watoto wanavyolala, na maji yanasikika mpaka ndani.

Bodaboda wake amekuja kumchukua. Nimemwambia arudi mchana. Simwamshi.

Mama yako,
Pelagia